Nyasi za Kaitaba

Mshabiki wa kandanda aingiapo kwa mara ya kwanza katika uwanja uliofanywa upya, aghalabu hatazami paa la jukwaa wala rangi ya kuta. Hutazama chini. Hutazama mahali mpira utakapolala, utakapodunda na utakapokataa kwenda, kwa kuwa ajua kwamba mengine yote ni mapambo. Ndivyo tulivyofanya sisi watu wa Kagera mwaka 2016, timu yetu iliporejea Kaitaba, mjini Bukoba, tukaukuta uwanja umetandikwa nyasi zilizotengenezwa kiwandani. Upepo wa ziwa ulikuwa ule ule. Watu walikuwa wale wale, na kelele zao zile zile. Nyasi tu ndizo zilizokuwa ngeni, na watu wazima waliokuja kutazama mpira walisimama kwanza kando ya uzio wakatazama nyasi.

Nataka kuandika juu ya mtazamo ule wa kwanza, na juu ya mambo yaliyoubadilisha. Nimekwisha kusoma mengi juu ya viwanja vipya: gharama zake, idadi ya viti vyake, jina la mkubwa aliyekata utepe. Ni machache niliyoyasoma juu ya namna watu wanavyokipokea kitu kigeni hata kikawa chao. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kutafsiri, swali hilo ni la kila siku. Neno la kuazima huingia lini katika lugha? Si siku linapochapwa katika kamusi. Huingia siku mtu mwenye shida analitumia bila kukumbuka kwamba liliazimwa.

Mimi ni mtu wa Kimwani, kusini ya Muleba. Kwetu, kama ilivyo kwa jirani zetu wa Ihangiro na Buhaya nzima, ardhi ina sura mbili. Ipo ardhi ya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa lililoizunguka nyumba, ambamo babu amezikwa na mjukuu atajenga. Halafu ipo rweya, mbuga ya nyasi iliyotanda baina ya kijiji na kijiji. Kibanja kina mwenyewe, na mpaka wake ukiguswa watu hufikishana barazani kwa wazee. Rweya ilikuwa ya kila mtu. Huko ndiko zilikokatwa nyasi za kuezekea msonge, nyasi za kutandika sakafuni ili mgeni apate pa kuketi, na nyasi za kufunika udongo migombani usije ukakaushwa na jua. Huko ndiko ng'ombe walikolishwa. Na huko ndiko sisi watoto tulikochezea mpira, mpira wenyewe ukiwa wa majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa na kukazwa kwa kamba za mgomba ule ule.

Nalitaja hili ili msomaji wa pwani na visiwani aelewe kwamba kwetu nyasi si pambo la bustani. Nyasi ni paa, ni mkeka, ni mbolea, ni chakula cha mnyama. Marehemu tata yangu alizijua nyasi za rweya kwa majina, kama baharia ajuavyo pepo. Alijua zipi hudumu miaka mingi juu ya paa na zipi huoza kwa masika mamoja. Sikuwahi kumwona akitembea juu ya nyasi bila kuinama, akachuma jani moja, akalitafuna.

Kaitaba niliijua kwanza kwa masikio. Nilipomaliza darasa la saba sikuendelea na shule. Mwalimu wangu mkubwa baada ya hapo akawa redio ya nyumbani, iliyotulia juu ya kabati kama mzee wa ukoo. Usiku ilinifundisha mizani na vina katika vipindi vya mashairi vya Redio Tanzania, na alasiri ilinitangazia kandanda. Zamani hizo mkoa ulijivunia timu ya RTC Kagera. Mtangazaji akisema "Kaitaba" sikuona jengo. Niliona rweya kubwa kuliko zote, iliyojaa watu pembeni, na upepo. Nilipofika mjini kwa miguu yangu mwenyewe, kijana wa miaka kumi na kitu, sikuwa nimekosea sana. Ilikuwa ni rweya iliyozungushiwa ukuta.

Timu iliyokuja kuubeba mkoa baadaye ni Kagera Sugar, ambayo washabiki na waandishi wa michezo huiita Wanankurukumbi. Ni timu ya kiwanda cha sukari kilichoko Missenyi, karibu na Mto Kagera. Kiwanda hicho kiliharibiwa na majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwaka 1978, nacho kikasimamishwa upya baada ya vita. Askari wetu wengi waliokufa katika vita ile wamezikwa Kaboya, wilayani kwetu Muleba. Kwa hiyo jina lile kifuani mwa wachezaji halikuwa kwetu tangazo la biashara peke yake. Wazee walilisoma kwa namna yao. Walisema, kilichovunjwa kimerudi, na sasa kinacheza mpira.

Sasa, Bukoba ni mji wa mvua. Kwa mwaka hupata takriban milimita 2,000, karibu mara mbili ya Dar es Salaam. Masika yakikolea, uwanja wa nyasi za kuota ulikuwa ukigeuka tope mbele ya magoli, mpira ukikwama kama mtumbwi ufukweni. Ndiyo sababu ulipopatikana msaada wa FIFA wa kutandika nyasi bandia, wengi waliona kwamba jambo hilo limefika mahali pake. Lakini ukarabati ulichukua muda. Katika msimu wa 2014/15 na ule wa 2015/16, Kagera Sugar ilicheza mechi zake za nyumbani ugenini: mara Mwanza, mara Shinyanga, mara Tabora. Ligi iliendelea kuziita mechi za nyumbani. Sisi tulizisikiliza redioni, tukawa tunasikia majina ya miji ya watu tukiambiwa kwamba hapo ndipo kwetu.

Mtu asiyependa kandanda atauliza, kuna hasara gani? Timu ipo, mechi zipo, redio ipo. Lakini muuza kahawa wa Kaitaba hakuwepo Shinyanga. Kijana aliyekuwa akilinda baiskeli za watu hakwenda Tabora. Na timu yenyewe ilidhoofika, ikawa ikipigania kutoshuka daraja. Mchezaji aliyezoea kusikia akitukanwa kwa lugha ya mama yake atafanya nini anaposhangiliwa na watu wasiomjua?

Basi ndivyo ilivyokuwa hali yetu tuliporudi. Tulikuwa na hamu, na hamu iliyokaa muda mrefu huwa na masharti. Niliyoyasikia kando ya uzio siku ile niliyoziona nyasi kwa mara ya kwanza nimeyahifadhi, kwa sababu yalikuwa ni ushairi wa watu wasiojua kwamba wanatunga.

Vijana walifurahi mara moja. Walisema uwanja sasa unafanana na ile ya Ulaya wanayoiona kwenye televisheni, na kwamba Simba na Yanga hawatakuwa tena na kisingizio. Waliouzoea mpira walinyamaza wakasikiliza mdundo. Kweli ulikuwa mwingine: mpira ulikimbia kasi, haukukwama, na pasi fupi ilifika ilikotumwa. Mama mmoja, muuza ndizi za kuchoma, alipitisha mkono katika uwazi wa uzio akazipapasa, kisha akautazama mkono wake uliokuwa na chembechembe nyeusi za mpira, zile zinazomwagwa katikati ya majani ili yasimame. Akasema, "Udongo wake mweusi mzuri, lakini hautaotesha kitu." Mwingine akauliza swali ambalo huko kwetu si la mzaha: "Na senene je?" Maana Novemba inapofika, mvua zikanyesha na senene wakaanguka, watu wa Bukoba huwasaka penye taa na penye nyasi. Tulicheka sana. Lakini hakuna aliyemjibu.

Ninayemkumbuka zaidi ni mzee aliyevaa koti zito, fimbo mkononi, aliyemwita kijana mmoja wa ulinzi.

"Mwanangu, hizi hukatwa lini?"

"Hazikatwi, waitu. Hazikui."

"Hazikui kabisa?"

"Kabisa, waitu. Zitakaa hivyo hivyo."

Mzee akazitazama tena, akasema, kama anayejisemea mwenyewe: "Kitu kisichokua hakifi. Na kisichokufa kitatujuaje?"

Nilirudi Muleba na maneno hayo ndani ya basi. Yalinigusa kwa sababu yalisema kwa ufupi kile ambacho washabiki wengi walikisikia bila kukitamka. Nyasi za zamani zilikuwa na kumbukumbu. Zilikuwa na kipara mbele ya goli, na kila kipara kilikuwa na hadithi yake: hapa ndipo mlinda mlango fulani alipoteleza, pale ndipo penalti ilipopaa. Nyasi mpya hazikuwa na kovu hata moja. Zilikuwa za kijani kila mahali kwa kiasi kimoja, kijani ambacho rweya haina, kwa kuwa rweya hukauka Julai na kuungua Agosti, kisha ikafufuka kwa mvua ya kwanza.

Ikaja tena taabu ya jina. Sisi twaziita nyasi bandia, na neno bandia katika Kiswahili lina nyuso mbili. Noti bandia ni noti ya wizi, na mwenye nayo hupelekwa polisi. Lakini mtoto wa bandia ni yule mwanasesere wa matambara ambaye binti humbeba mgongoni, akamlaza, akamwimbia, na akilia mtu yeyote mwenye moyo hamwambii kwamba mtoto huyo si wa kweli. Bandia ya kwanza yataka kudanganya. Bandia ya pili yaomba kupendwa. Nilijaribu maneno mengine, kama mfasiri anavyopima kokwa moja moja mkononi: nyasi za kiwandani, nyasi za kutengeneza. Wengine mjini walikwisha kusema "kapeti" na mambo yakaisha. Nikaona kwamba neno si baya. Lililobaki ni kujua nyasi zetu ni bandia ya aina gani, na hilo halikuwa la kamusi kulijibu.

Jibu lilikuja upesi, tena kwa njia ambayo hakuna aliyeiomba. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, kiasi cha saa tisa na nusu alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Bukoba haijazoea mambo hayo. Wazee wengi walidhani ni lori kubwa linapita, kisha wakadhani ni mwisho wa dunia. Nyumba zilianguka kwa maelfu. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Watu zaidi ya kumi na watano walipoteza maisha, na mamia wakajeruhiwa. Nyumba ya dada yangu huko Hamugembe ilipasuka ukuta toka juu hata chini, na usiku ule yeye na watoto walilala nje, juu ya majani ya migomba, pamoja na jirani zao wote.

Kesho yake, Jumapili, marehemu waliagwa Kaitaba, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiongoza maombolezo. Nilikuwepo. Hapakuwa na mahali pengine mjini pa kutosha watu wale, na hata kama pangekuwepo, nani angeingia chini ya paa siku ile? Ardhi ilikuwa bado ikitetema kidogo kidogo, na kila ilipotetema watu walishikana mikono. Uwanja ulikuwa ndio mahali pekee ambapo juu ya kichwa cha mtu palikuwa na mbingu tu.

Katika nyumba zetu za zamani msiba ulilaliwa sakafuni, juu ya nyasi zilizotandikwa. Mfiwa hakukalia kiti. Aliyekuja kumpa pole naye aliketi nyasini, awe mkubwa awe mdogo, maana kifo huwaketisha watu wote kimo kimoja. Leo nyumba nyingi zina sakafu ya saruji, na nyasi za msibani zimebaki katika hadithi. Siku ile niliwaona wanawake wakiketi chini, mikono kichwani. Vijana waliokuwa wakiusifu uwanja kwa kufanana na ile ya Ulaya walikuwa kimya. Sikumsikia mtu yeyote akitaja kapeti, wala bandia, wala chembe nyeusi zilizoganda katika nguo za waombolezaji. Nyasi zilikuwa nyasi. Zilifanya ile kazi ambayo nyasi za rweya zilikuwa zikiifanya tangu kale, ya kumpokea mtu aliyeishiwa nguvu za kusimama.

Usiku ule niliandika ubeti mmoja, na haukupata mwenzake hata leo:

Nyasi zisizo mizizi, hazinywi umande chini,
Leo zimenywa machozi, ya wenyeji na wageni,
Hazikuwa zetu juzi, tuliziona machoni,
Sasa zimeota nyasi, zimeotea moyoni.

Ligi haikungoja majonzi yaishe. Tarehe 22 Oktoba mwaka ule ule Yanga walifika Kaitaba wakatufunga mabao 6 kwa 2. Kipigo hicho kiliuma, lakini niliona jambo moja katika namna watu walivyokilalamikia. Hakuna aliyezilaumu nyasi. Walilaumu ulinzi, walilaumu kocha, walilaumu bahati. Mtu hulaumu kitu cha kigeni kwanza. Akiacha kukilaumu, ujue kimekwisha kuingia nyumbani. Na tarehe 2 Aprili 2017 ikawa zamu ya Simba kufungwa Kaitaba, mabao 2 kwa 1. Watu walibebana. Baadaye mechi ile ikaibuliwa mezani kwa hoja ya kadi za njano za mchezaji wetu mmoja. Alama tatu zikapewa Simba, kisha zikarejeshwa Kagera. Siku zile zote, ukipita kijiweni ulisikia kauli ile ile: tulishinda pale, pale majanini. Walisema "pale" wakinyoosha kidole upande wa mjini, hata kama walikuwa kijijini, mwendo wa saa nyingi kutoka Bukoba. Wakati huo hapakuwa tena na shaka pale ni kwa nani.

Wasomaji wa Unguja na Pemba hawahitaji kufundishwa haya nami. Tarehe 10 Septemba ni tarehe yao pia. Miaka mitano kamili kabla ya tetemeko letu, usiku wa kuamkia tarehe hiyo ya mwaka 2011, meli ya Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na waliopatikana wakaletwa Maisara, katika viwanja ambavyo watoto huchezea mpira, ili jamaa zao wawatambue. Sisi nasi tulikwisha kupita njia hiyo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka kwetu na kupitia Kemondo, ilizama ikikaribia Mwanza. Waliokufa walikuwa mamia. Miili ikapelekwa Uwanja wa Nyamagana. Karibu kila kijiji cha Kagera kina mtu aliyemtafuta mtu wake katika majani ya Nyamagana. Uwanja huo nao siku hizi umetandikwa nyasi bandia, na vijana wa Mwanza wanauchezea wakiwa na furaha, kama ipasavyo.

Na haikuwa mara ya mwisho kwa Kaitaba. Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam iliangukia ziwani karibu na kiwanja cha ndege cha Bukoba. Wavuvi wakawahi kwa mitumbwi yao. Waliokolewa 24, na 19 wakafa. Siku ya pili majeneza 19 yalipangwa Kaitaba, juu ya zile zile nyasi zisizokua. Ulikuwa ni mwezi wa senene. Nilimkumbuka mzee wa koti zito na swali lake. Kitu kisichokufa kitatujuaje? Nadhani kilikuwa kimekwisha kutujua.

Mtu wa lugha haachi kutafuta jamaa za maneno. Waswahili wa zamani walilipa neno uwanja wingi wa nyanja, kama ulimi na ndimi, uzi na nyuzi. Kamusi za miaka ya nyuma bado zinauonyesha wingi huo, ingawa sisi leo twasema viwanja. Nyanja ni pale palipo wazi, palipotanda, pasipo kizuizi cha jicho; na ziwa letu pia ni nyanja. Sitaki kulifanya hili kuwa zaidi ya lilivyo. Lakini nikiyahesabu masaibu yetu naona kwamba mara kwa mara waliochukuliwa na nyanja ya maji wameletwa kwenye uwanja wa nyasi, na hapo ndipo tulipowapokea. Kabla ya kuwa mahali pa mchezo, uwanja ni mahali papana pa kutosha watu wote kwa mara moja. Mji usio na mahali kama hapo, ukifiwa, utaketi wapi?

Ndiyo maana siwacheki tena washabiki wanaoutazama uwanja mpya kwa mashaka. Mwishoni mwa mwaka 2023 Zanzibar ilifungua Amaan iliyojengwa upya, na nyuso za watu nilizoziona katika picha zilikuwa zile zile za Kaitaba: shangwe mbele, mashaka kidogo nyuma ya macho, hasa kwa wale walioijua Amaan ya tangu 1970. Wazee hao wasiambiwe kwamba wanachukia maendeleo. Wanauliza swali la haki. Wanataka kujua kama mahali hapo patawajua. Mhandisi hawezi kuwajibu, wala mkata utepe. Jibu huletwa na siku, na siku nyingine huja zimevaa nyeusi.

Mwisho wa msimu wa 2024/25 Kagera Sugar ilishuka daraja. Kwa mshabiki hilo ni pigo kubwa kuliko mabao 6, kwa sababu Simba na Yanga hawatakuwa na sababu ya kuja Bukoba kucheza ligi mpaka tutakapopanda tena, na wauza ndizi wanajua maana yake. Nilipozungumza na rafiki zangu wa mjini nilitegemea niwasikie wakisema kwamba uwanja sasa umekuwa wa bure, kapeti la watu wakubwa katika nyumba ya maskini. Hawakusema hivyo. Walisema watoto wa shule wanautaka, na kwamba majani ya upande mmoja yamechakaa, yamelala, karibu na goli. Kumbe nazo huchakaa! Nyasi ambazo tuliambiwa hazitabadilika zimeanza kuota kipara mahali pale pale palipokuwa na kipara cha zamani, mbele ya mlinda mlango, panaposimamwa sana.

Bila shaka siku moja zitang'olewa zitandikwe nyingine, kwa kuwa hata nyasi za kiwandani zina umri wake. Watu watakuja watasimama kando ya uzio, watazitazama, wataziona ngeni. Watasema zile za kwanza zilikuwa bora, zilikuwa na kitu ndani yake. Na watoto wao watacheka, kama tulivyocheka sisi juu ya senene.